Aliyeshika Fundo la Nyuma

Enyi mlioketi, wenye viti na wenye mikeka, mlioalikwa na mliojialika, wakubwa kwa staha yenu na wadogo kwa subira yenu: naomba ruhusa ya kusema. Mkinipa hiyo, naomba na ya pili, kwamba asiwepo wa kunikatiza kwa kicheko palipo na kimya, maana hadithi hii ina kimya kingi, na kila kimya nimekiweka mahali pake. Waliosimama na wakae. Waliokaa na wasogee. Nami naanza.

Kamba ilivutwa kutoka nyuma.

Haikuvutwa kwa nguvu. Ilikazika tu taratibu, kama inavyokazika kamba ambayo aliye mwishoni mwake amekawia kidogo akitazama ua, kisha ikalegea, kana kwamba mwenye kukawia ameharakisha hatua. Fundi Vioo, aliyekuwa mbele akiwaongoza wanawe kutoka msituni, alihisi mvuto huo kiganjani na akapunguza mwendo ili amsubiri mkewe. Alipunguza kwa mazoea, jinsi mtu anavyoinua mguu penye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Alikwenda hatua kadhaa ndipo akakumbuka kwamba mkewe alikuwa amefariki tangu kabla ya mvua.

Yafaa mjue habari ya kamba hiyo. Fundi Vioo alikuwa na watoto watatu, na nguvu walizokuwa nazo zingetosha mtaa mzima. Wa kwanza, binti, aliitwa Karani, kwa kuwa halikufanyika jambo nyumbani bila yeye kulikagua na kulitolea kauli. Wa pili, mvulana, aliitwa Tiara, maana ilikuwa nadra kuikuta miguu yake ardhini. Kitinda mimba alikuwa Kokoto, mwokota mawe, ambaye kaptura yake ilimvuka kila mara kwa uzito wa mifuko. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili vilivyopakana na karakana ya vioo, na kuwalea watoto wa namna ile ubavuni mwa vioo ni sawa na kufuga mbuzi katika duka la mboga.

Mama yao, alipokuwa hai, ndiye aliyebuni dawa. Kila siku ya mapumziko walitoka kwenda msituni, nje ya mji. Huko walijenga mabwawa kwenye kijito, walifuata nyayo za wanyama, walitengeneza mashua za magome, walipanda, waliteleza, walilowa. Njia ya kurudi ilikuwa nyembamba na yenye ukungu, kwa hiyo mama alitengeneza kamba ya mafundo. Baba alishika ncha ya mbele, kila mtoto akashika fundo lake, na mama akashika fundo la nyuma. Baba aliita mmoja mmoja, na kila aliyeitwa akajibu "Nipo." Wa mwisho kuitwa alikuwa mama.

Alipofariki, watoto walikuwa kwa shangazi yao, walikopelekwa tangu mama alipolazwa. Siku waliporudishwa, baba alifungua kinywa aseme lile neno, na likatoka neno jingine.

"Mama amekwenda kutibiwa mbali," aliwaambia.

Hakupanga kusema hivyo. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi kulifuta, na kesho kutwa ikawa haiwezekani. Hakulia. Watu walimsifu kwa ushupavu, naye hakuwa na ushupavu wowote. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ambao mwenyewe anauona ni wake lakini akiugusa ni kama amegusa gogo. Alikata vioo, akavibandika madirishani mwa watu, akapokea ujira wake na kurudi. Jambo moja tu aliliogopa, nalo ni saa ya jioni, watoto wakiwa bado na nguvu za kuuliza maswali. Ndiyo sababu aliwapeleka msituni mara nyingi kuliko zamani. Aliwapeleka wachoke. Wakichoka walilala, na wakilala hapakuwa na wa kumuuliza.

Siku ya kwanza walipokwenda bila mama, Kokoto alilitazama lile fundo la nyuma likiburuta majanini, akasema, "Baba, na hili?"

"Tutamshikia nafasi," alisema baba.

Tangu siku hiyo aliita kama kawaida. Aliwaita watoto, kisha akaita, "Na mama?" nao wakajibu kwa pamoja, "Yupo nyuma, anakuja." Ukawa mchezo. Hata ndege wa msitu ule, kama wana akili, walikwisha kuuzoea.

Sasa turudi pale kamba ilipovutwa. Mchana ule ulikuwa mzuri. Tiara alikuwa amepanda mti hadi tawi likaanza kulalamika, na Karani, akiwa chini na mikono kiunoni, akamwambia, "Ukianguka huko usije kunililia mimi."

"Nikianguka nitakuangukia wewe," alijibu Tiara, "angalau nipate kitu laini."

"Kichwa changu kigumu."

"Hilo nalijua. Nazungumzia tumbo."

Baba aliwasikia, akajua kwamba zamani angecheka. Jua lilipopungua aliwapanga kwenye kamba, wakaanza safari. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Baada ya kuhisi ule mvuto, aliita ili aisikie sauti yake mwenyewe.

"Karani?"

"Nipo."

"Tiara?"

"Nipo."

"Kokoto?"

"Nipo."

"Na mama?"

Watoto walikuwa wamechoka, wakachelewa kujibu. Na katika kuchelewa kwao huko, kutoka mwisho wa kamba, sauti ya chini, yenye adabu, ikasema, "Nipo."

Fundi Vioo hakugeuka. Alijiambia ni mzaha wa Karani, ambaye aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Alijua pia kwamba Karani alikuwa wa kwanza kwenye kamba, karibu kumkanyaga visigino, na kwamba sauti ile ilitoka mbali. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwake bila kugombana. Mtu mwenye uhai kamili angetupa kamba, akawabeba watoto, akakimbia. Yeye aliendelea kutembea, na kamba ikawa imekazika kwa kiasi kilekile hadi mlangoni.

Usiku ule watoto walilala bila kuambiwa.

Asubuhi hawakugombania maji ya kuogea. Walikunywa uji, wakaosha vikombe, wakakaa. Baba aliingia karakanani akakata kioo kirefu cha duka la mwuza vitambaa, kazi ambayo siku zote aliifanya roho mkononi akingojea mpira upite dirishani, na mpira haukupita. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Jirani yao, mwanamke aliyekuwa na mazoea ya kugonga ukuta kwa ufagio, alimsimamisha njiani.

"Fundi, umewapa dawa gani wale wanao? Nami ninao wawili pale, niazime."

"Wamekua tu, dada."

"Wamekua kwa usiku mmoja? Basi wangu ni wa mbegu nyingine."

Fundi Vioo naye akalala. Alilala usingizi mzito, usio na ndoto, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kulikuwa na harufu nyumbani, ya majani yaliyooza na ya jiwe lililong'olewa mtoni, akadhani ni viatu vya watoto. Akaviweka nje. Harufu ikabaki ndani. Asubuhi moja alikuta vitanda vya watoto vimetandikwa na shuka zimekunjwa pembe kwa namna ambayo mtu mmoja tu katika maisha yake alikuwa akikunja. Alisimama akaitazama ile pembe ya shuka, akangoja ahisi kitu, hakuhisi, akaenda kazini.

Aliyeona ni dada yake, yule shangazi wa watoto, mshonaji, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alikuja na kaptura mpya ya Kokoto, akaingia akiwa ameshaanza kusema tangu barabarani.

"Wako wapi majambazi wangu? Jitokezeni mmoja mmoja, mikono juu."

Hakuna aliyejitokeza. Aliwakuta chumba cha ndani wameketi sakafuni wakiegemea ukuta, Karani, kisha Tiara, kisha Kokoto, kila mmoja mkono wa kushoto umenyooshwa kidogo mbele na vidole vimekunjwa, kana kwamba ameshika kitu ambacho hakionekani. Baada ya Kokoto pameachwa nafasi ya mtu mmoja, na sakafu ya pale ilikuwa na unyevu.

"Kokoto, njoo uvae. Nimekushonea yenye mifuko minne, uhamishe mlima mzima."

"Ahsante, shangazi," alisema Kokoto bila kusogea. "Mawe sitaki tena. Mama amesema tusimchoshe baba."

Mshonaji aliiweka kaptura kitandani. Akamshika mtoto mkono, akauachia haraka. Kisha akatoka hadi karakanani, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini ambayo kaka yake hakuwahi kuisikia ikitoka kwake.

"Kaka, nani analea watoto wako?"

"Mimi."

"Nimemgusa Kokoto. Ni baridi kama kioo chako hicho. Nani yuko mle ndani?"

"Wametulia tu," alisema Fundi Vioo. "Acha watulie. Mimi nimechoka, dada yangu. Ni mara ya kwanza napumzika."

"Watoto wako wanazimika, nawe unafurahia giza."

Aliweka chini kikatio chake. Alimfuata dada yake hadi chumba cha ndani. Na hapo, mchana kweupe, jua likiingia kwa dirisha ambalo yeye mwenyewe alilitia kioo, aliona kile ambacho macho yake yalikuwa yakikipita kila siku: kwamba mashavu ya Tiara yalikuwa yamebonyea, kwamba midomo ya Kokoto ilikuwa na rangi ya majivu, kwamba Karani hakumkagua kutoka juu hadi chini kama alivyozoea bali alitazama kitu kilicho juu kidogo ya bega lake, na kwamba ile kamba, iliyopaswa kuwa imeviringishwa msumarini karibu na mlango, ilikuwa imetoka yenyewe msumarini ikapita juu ya sakafu na kutoka kwa mlango wa nyuma, imenyooka na kukazika kama kamba ya kuanikia nguo, ikitetemeka kidogo, kwa pumzi, kama inavyotetemeka iliyoshikwa na kiumbe kilichosimama mahali pamoja kikingoja kwa subira isiyo ya binadamu.

"Mama anasema leo jua likishuka twende naye," alisema Karani. "Wewe usije, baba. Anasema ubaki upumzike."

"Mwende wapi?"

"Tunakokwenda siku zote. Ila hatutarudi tumechoka."

"Mtarudi lini?"

Karani alifikiri kwa makini, kama aliyeulizwa swali la hesabu ambayo hajafundishwa.

"Hakusema kuhusu kurudi."

Ndipo kitu kikasogea kifuani mwa Fundi Vioo. Hakikuwa maumivu bado. Kilikuwa kama ganzi inapoanza kuachia, pale mtu anapojua kwamba maumivu yako njiani.

Dada yake alikwisha kutoka mbio. Alirudi na mwanamke mnene, mwenye mikono myeusi hadi viwikoni, ambaye watu walimwita Mama Mkaa kwa sababu aliuza mkaa, na wale waliojua mengine, ya mizimu, walimwita kwa jina jingine. Aliingia bila kubisha hodi, akainama, akainusa kamba, akapiga chafya.

"Nani alimkaribisha?"

"Hakuna aliyemkaribisha," alisema Fundi Vioo.

"Baba, viumbe hawa hawavunji milango. Wanakaa pale wanapoambiwa pana nafasi. Fundo la nyuma ni la nani?"

"La mke wangu."

"Yuko wapi?"

Fundi Vioo aliwatazama watoto, kisha akamtazama Mama Mkaa, kisha akasema, "Amekwenda kutibiwa mbali."

Dada yake aligeuza uso. Mama Mkaa alijifuta mikono kwenye kanga bila kupunguza weusi wowote.

"Sawa," alisema mwishowe. "Basi kazi yangu ni ndogo na yako ni kubwa. Mimi ningeweza kufukiza, kusoma, kupiga kelele hadi mtaa ukajaa. Angetoka kwa mlango na kurudi kwa dirisha, kwa sababu wewe mwenyewe, kila ukienda msituni, unauliza kama yupo. Ulimwita kwa kinywa chako. Kwa kinywa hicho hicho umwambie nafasi imefungwa, na kwa nini imefungwa. Umwambie watoto wakisikia."

"Siwezi kusema mbele yao."

"Basi wabusu uwaage," alisema Mama Mkaa. "Jua halina muda mrefu."

Walikwenda. Fundi Vioo alishika ncha ya mbele, watoto wakashika mafundo yao kwa utii uliokuwa ukitisha, na wale wanawake wawili wakakaa ukingoni mwa msitu kwa kuwa Mama Mkaa alisema msafara huo hauna nafasi ya mtu mwingine. Kabla hajaachana naye alimwambia neno moja: "Ataomba kitu. Hatoki mikono mitupu. Usimpe kilicho cha watoto."

Kijito kilikuwa kimya. Mabwawa waliyoyajenga yalikuwa yamejaa, na juu ya maji mashua zao za magome zilikaa bila kuzunguka. Ukungu ulipanda kutoka ardhini. Alisimama pale walipozoea kugeukia nyumbani, akiwa ameipa kamba mgongo, akaita.

"Karani?"

"Nipo." Sauti bila uzito.

"Tiara?"

"Nipo."

"Kokoto?"

Kokoto hakujibu, ila kamba ilitikisika.

Alijua sasa ni zamu ya neno lile, na akajua pia kwamba asipoliita hataweza kulifunga. "Na mama?" akasema.

"Nipo, mume wangu."

Ilikuwa sauti yake kweli, pamoja na ule ukwaruzo wa homa ya siku za mwisho, na ilitoka karibu kuliko urefu wa kamba ulivyoruhusu, na pamoja nayo ikaja ile harufu ya majani na jiwe, ikamzunguka shingoni kama mkono. "Umechoka," ilisema, "nimekuona ulivyochoka, unawatembeza hadi miguu yao inavimba ili usiku wasikuulize, unakata vioo vya watu na huoni sura yako ndani yake, nawe hukuomba kitu ila utulivu, nami nimekupa, nimewatuliza, nimekukunjia mashuka, basi fungua vidole tu, achia ncha hiyo, huna haja ya kusema lolote kwa yeyote, nenda nyumbani ulale, na hakuna mtoto atakayekuuliza tena niko wapi, kwa sababu watajua niko wapi, watakuwa nami." Na la kutisha, ndugu zangu, halikuwa sauti hiyo. La kutisha ni kwamba vidole vyake vilianza kufunguka.

Aligeuka.

Sitawaeleza alichokiona mwishoni mwa kamba, kwa sababu hakumweleza mtu. Ila aliwaona watoto, watatu, wameshika mafundo yao, macho yao yakimpita.

"Mke wangu amekufa," alisema.

Msitu haukufanya lolote.

"Hakwenda kutibiwa. Alikufa hospitali, asubuhi, nikiwa nimemshika mkono, na mkono ukapoa ndani ya mkono wangu. Nilimfunika mwenyewe. Niliwadanganya wanangu kwa sababu sikuweza kusema, na nikaita jina lake hapa kama mtu mjinga anayebisha hodi nyumba aliyojua imehamwa. Wewe si yeye. Fundo hilo halina mtu."

Kisha ile sauti, sasa bila ukwaruzo wa homa, bila umbo la mwanamke wala mwanamume, ikasema kwa adabu ileile ya siku ya kwanza, "Uliniita, nikashika. Nikiachia hapa, nitashika nini?"

Fundi Vioo alikumbuka alichoambiwa. Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta chenji, akaona hana kitu ila alichozaliwa nacho. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea ukunguni.

Watoto wanasema kamba ilianguka. Ilianguka yote kwa mara moja, kama kamba ya kawaida, na Kokoto akaanza kulia. Alilia kwa sauti ya kupasua, na Tiara akalia kwa kumsikia Kokoto, akapiga teke bwawa hadi maji yakatoroka, akaokota matope akayarusha mtini, akarusha mengine. Baba yao alipiga magoti kwenye tope. Karani peke yake hakulia. Alimjia akamfuta uso kwa kiganja, maana uso ulikuwa umelowa naye hakuwa na habari.

"Nilijua, baba," alisema. "Nilimsikia shangazi akilia siku ile. Nilijibu tu ili usiwe peke yako."

Wakarudi bila kamba, wakishikana nguo. Wiki ile jirani alianza tena kugonga ukuta kwa ufagio, na mpira wa Tiara ukavunja kioo cha mwuza vitambaa, na Fundi Vioo akakikata kingine bila kumgombeza mtu. Safari za msituni ziliendelea. Jioni watoto waliuliza, naye alijibu habari za mama yao: alivyokuwa, alivyocheka, alikolazwa. Akajifunza kulia, ingawa kwa kuchelewa.

Ila mkono wake wa kushoto haukurudi. Hauhisi moto, hauhisi baridi. Karakanani kioo humkata naye akaendelea na kazi, hadi mmoja wa wanawe aseme, "Baba, damu." Na mara nyingine, akiwa ameketi tu na wajukuu wakipiga kelele zao, vidole vya mkono huo hujikunja polepole vyenyewe, vikafumba, kwa namna vinavyofumba vya mtu aliyeshikwa mkono na mwenziwe. Huvitazama. Havifungui. Humwambia mtoto aliye karibu ahamie upande wa kulia.

Haya sikuyabuni, wala sikuyapata kwa wapita njia. Aliyenisimulia ni yule aliyekuwa karibu kumkanyaga baba visigino, Karani mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima na mama wa watoto wasiokalika.